Kadi Iliyoamka Upesi Mno

Watu wa Fanshu walikuwa wamezoea kuchekwa. Fanshu, kwa lugha ya kwao, ni kiazi kitamu, na ndilo jina walilolipa mfumo wao endeshi wa kompyuta, walioutunga wenyewe kwa kujitolea na kuuacha wazi ili yeyote ausome, aubadilishe na augawe apendavyo. Ulikuwa mfumo mzuri, mwepesi, usio na makuu. Kasoro yake ilikuwa moja, tena ya aibu: haukujua waifai. Ukitaka intaneti kwenye Fanshu, ilibidi uchomeke waya. Kwa hiyo katika mikahawa ya mji wao wa Hsinchu ungewakuta wenye Fanshu wamejikunyata pembeni, karibu na tundu la ukutani, wamefungwa kama mbuzi kwenye kigingi, huku wenzao wakipita na kompyuta zao mkononi na kuwauliza kama wamekwisha kunyweshwa maji.

Aliyejitolea kuikata kamba hiyo alikuwa Chuang Pei-ju, mwalimu wa hesabu katika shule ya ufundi, mwanamke mwenye subira ya kutisha. Alichagua kadi moja ya waifai, ile inayopatikana ndani ya kompyuta nyingi za bei nafuu, akasema ataifundisha Fanshu kuongea nayo. Jambo hilo lilikuwa gumu kwa sababu kiwanda kilichoitengeneza kadi hakikumwambia mtu wa nje inavyofanya kazi. Kilitoa programu yake ya kuiendesha ikiwa imefungwa kama sanduku, kwa ajili ya mifumo mikubwa tu, na ukiuliza kilichomo ndani unajibiwa na mwanasheria.

Na ugumu wa pili ulikuwa umelala kitandani mwake kila siku. Mumewe, Shen Jui-yuan, alikuwa mhandisi katika kiwanda hichohicho, tena katika kikosi cha kadi ileile.

Watu wanaofanya kazi ya namna hii wana desturi yao, na wanaishika kuliko wengine wanavyoshika mfungo. Mtu mmoja hulifungua sanduku la kiwanda, huchungulia programu inaifanya nini kadi, kisha huandika maelezo kwa maneno ya kawaida: fanya hivi, ngoja, fanya vile. Mtu wa pili, ambaye hajawahi kulitia jicho sanduku hilo, huyachukua maelezo na kuandika programu mpya kabisa kwa akili yake. Hawa wawili hawaonani wala hawazungumzi. Mwenye kuona haruhusiwi kuandika, maisha. Ndivyo wanavyoweza kusimama mbele ya hakimu yeyote na kusema hatukuiba.

Mwenye kuchungulia alikuwa mwanafunzi fulani wa Tainan aliyejiita Mjusi. Pei-ju hakuijua sura yake wala sauti yake. Maelezo yake yalipitia kwa Weng Kuo-tung, mwanzilishi wa Fanshu, ambaye wote walimwita Kaka Tung japo nywele zilikwisha kumpukutika.

Nyumbani nako walijenga ukuta. Jui-yuan alikuwa akikohoa kabla ya kuingia chumba cha mkewe, ili Pei-ju apate kufunika kompyuta. Mezani walizungumza habari za mama mkwe, za majirani, za upepo wa Hsinchu ulioangusha tena nguo za watu barabarani, lakini neno kadi lilikuwa haramu. Marafiki waliwacheka, wakawauliza kama hata kitandani wanalala na matofali katikati. Pei-ju hakujali. Aliona fahari, na fahari hiyo aliionyesha waziwazi, maana alijua wangapi wangekuwa wameshachungulia begani kwa waume zao.

Kaka Tung ndiye aliyemdhamini. Wengine walisema mke wa mtu wa kiwandani asiguse kazi hii hata kidogo. Walikikumbuka kikundi kimoja cha Kaohsiung kilichokuwa na mfumo wake, ukakutwa na mambo ya kiwanda ndani yake, mawakili wakaja, na kilichozikwa si waifai peke yake bali mfumo mzima. Kaka Tung aliwasikiliza, kisha akamgeukia Pei-ju.

"Ju, mimi sina mke, sina mtoto, nina Fanshu. Ukinichafulia, umenimaliza."

"Sitakuchafulia, Kaka."

Basi mambo yakawa hivyo, na kazi ikachukua zaidi ya miaka miwili.

Jumamosi ya kuionyesha walikutana palepale wanapokutana siku zote, katika chumba cha kukodi juu ya duka la tambi za nyama ya ng'ombe, ambako mtu huondoka na nguo zinanuka mchuzi. Jumapili toleo jipya lilikuwa litangazwe kwa dunia nzima. Mtu alikuwa ameshaweka pakiti ya kijani ya bisi tamu kando ya kompyuta ya maonyesho, kama ilivyo imani ya mafundi wa huko, ili mashine itulie isilete ukaidi, na Ah-Pao, mnene wa kikundi na mdomo wa kikundi, alikuwa amekwisha kuonywa mara kadhaa asiiguse.

"Nimekula tayari," alisema Ah-Pao. "Naiangalia tu. Kuangalia nako mnanizuia?"

Pei-ju aliwasha. Orodha ya vituo vya waifai ikajitokeza kwenye skrini: cha duka la chini, cha kinyozi, cha jirani, chenye jina la matusi. Akachagua cha dukani, akaandika neno la siri lililobandikwa juu ya meza ya malipo, na ukurasa ukafunguka. Hakuna waya. Fanshu ilikuwa inaelea.

Watu wazima walishikana mabega. Kaka Tung alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Ah-Pao aliuchomoa waya mrefu wa siku zote, akajivika shingoni kama shada la maua, akazunguka nao chumba kizima akipokea pongezi zisizo zake. Pei-ju alicheka mpaka akaketi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo, na hakuona sababu ya kuificha.

Kisha Ah-Pao, kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akaanza kuichezea ile kompyuta. Akaifunga. Akaifungua. Waifai ipo. Akaifunga tena, akaifungua tena. Ipo.

"Ee bwana, hii hailali?"

"Inalala," alisema Pei-ju. "Ukifunga inalala, ukifungua inaamka."

"Mbona hata kupepesa jicho haipepesi? Kaka Tung, hebu lete ile yako."

Kaka Tung alikuwa na kompyuta nyingine, ndugu yake hii baba mmoja mama mmoja, yenye kadi ileile, isipokuwa hiyo ilitumia mfumo mkubwa wa madukani na programu ya kiwanda chenyewe. Wakazipanga pamoja. Ah-Pao akafunga zote mbili, akafungua zote mbili. Ya Fanshu ilikuwa tayari palepale. Ya kiwanda ikaanza kuzungusha kale kaduara kake, ikatafuta, ikapotea, ikatafuta tena. Mtu angeweza kumenya ndizi na kuimaliza.

"Kiwanda kimepigwa bao," alisema Ah-Pao. "Na mwalimu wa hesabu. Wafunge tu milango wauze chai ya maziwa."

Chumba kizima kilicheka. Kaka Tung hakucheka. Alizifunga kompyuta zote mbili kwa mikono yake, akazifungua, akaangalia. Akarudia. Kila alivyorudia ndivyo uso ulivyozidi kumshuka, na mmoja baada ya mwingine watu wakaanza kunyamaza bila kujua kwa nini.

"Ju," alisema hatimaye, "hii ya kuamka umeitoa wapi?"

"Kwenye maelezo."

"Maelezo gani? Yale yamepita mkononi mwangu yote. Mjusi anaeleza inavyofanya programu ya kiwanda. Na programu ya kiwanda inafanya hivi." Alielekeza kidole kwenye kale kaduara; bado kalikuwa kanazunguka. "Inaizima kadi, inaiwasha upya, inaanza kutafuta vituo kana kwamba imezaliwa leo. Wewe yako haianzi upya. Yako inakumbuka."

"Kadi yenyewe inakumbuka. Ikilala haisahau. Ukiiamsha taratibu..."

"Nani alikwambia haisahau?"

Hapo ndipo Pei-ju alipoelewa kinachoulizwa. Ukiiga kitu ukafanya vibaya kuliko mwenyewe, watu wanakuamini. Ukifanya sawa naye, wanakupongeza. Yeye alikuwa amefanya vizuri kuliko mwenyewe, jambo ambalo halikuandikwa popote pa kulisoma, na akilini mwa kila mtu chumbani humo kulikuwa na mlango mmoja tu ambao jambo hilo lingeweza kupitia: mlango wa nyumbani kwake.

"Tumpigie Mjusi," alisema mtu.

Lakini Mjusi na Pei-ju hawakuruhusiwa kuzungumza, na hata siku hiyo hakuna aliyethubutu kuvunja desturi. Kwa hiyo mwenye sherehe yake akatolewa nje. Alisimama kwenye ngazi, mkono ukutani, harufu ya mchuzi ikimpanda kutoka chini, akisikia nyuma ya mlango mngurumo wa simu na hasikii neno. Wateja walikuwa wakiagiza tambi. Mmoja alisema asiwekewe vitunguu. Pei-ju aliyasikia hayo yote kwa uwazi wa ajabu, na yale yaliyohusu maisha yake hakuyasikia.

Ah-Pao ndiye aliyekuja kumwita. Waya alikuwa ameuvua shingoni.

"Mjusi anasema hakuandika kitu kama hicho," Kaka Tung alimwambia. Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha zaidi. "Anasema hakuna popote ndani ya sanduku. Haya, ulikuwa unawaza nini siku ulipojaribu?"

Pei-ju alikuwa mtu mkweli, na ukweli una siku zake mbaya. Angeweza kusema nilibahatisha, na pengine yangekwisha hapo. Badala yake alirudi nyuma kichwani mwake kutafuta jibu hasa, akalipata, na akalisema huku analiona kwa mara ya kwanza.

"Nilikuwa namwaza mama mkwe."

"Nini?"

"Mama mkwe wangu yuko Miaoli kwa shemeji. Husinzia kwenye kiti, televisheni inapiga kelele. Shemeji akimwita kwa sauti, mama anashtuka, anakuwa hajui yuko wapi, siku gani, nani kafa nani yu hai. Inabidi aelezwe yote upya. Lakini ukimgusa bega kwanza, ukangoja afumbue jicho, ndipo ukasema, anaendelea na mazungumzo palepale alipoyaachia. Nikawaza, na hii kadi je? Nikaigusa kwanza, nikangoja, ndipo nikaiita. Ikaamka na kumbukumbu zake zote."

Kaka Tung alisogea karibu naye.

"Hiyo ya kumgusa bega," alisema Kaka Tung, "ni wewe uliyeiona, au ulisimuliwa?"

Alijua jibu kabla hajalitoa, na kila mtu alimwona akilijua. "Nilisimuliwa. Mezani."

"Na nani?"

"Na Jui-yuan."

Ah-Pao alikaa kwenye kiti ambacho nusura kimkose. Mwanamke mmoja pale nyuma alisema taratibu, "Mungu wangu," na kikombe cha mtu kikadondoka. Kaka Tung akasema kwamba jioni hiyo ataitoa programu yote ya waifai ndani ya Fanshu, kila mstari, kabla toleo halijatangazwa, na kwamba kama Pei-ju ana la kusema ampigie kabla ya hapo, wote watakuwa hapohapo wakisafisha. Hakumwambia umenimaliza. Pei-ju alitamani angemwambia.

Alipanda pikipiki yake akaelekea nyumbani, upepo ukimsukuma kutoka ubavuni. Alikuwa na hasira, tena hasira ya mtu aliyeibiwa. Kama Jui-yuan alijua, na akamtilia siri ndani ya hadithi ya mama yake kama mtu anavyomtilia mtoto dawa ndani ya uji, basi alikuwa amemhurumia. Alimwona mkewe anahangaika, akamwonea huruma, akamtafunia. Miaka miwili yote ya kujivunia ukuta, kumbe mwenzake alikuwa ametoboa tundu. Na kama ni hivyo, alikuwa ameuza siri ya kiwanda, na mtu huenda jela kwa hilo. Alitaka kumuuliza na aliogopa kumuuliza, maana mumewe akisema ndiyo, yeye hataweza tena kusema hajui.

Jui-yuan alikuwa jikoni anaosha mchele. Alimtazama mkewe usoni, akafunga bomba.

"Nani amekufa?"

"Ile hadithi ya mama. Ya kumgusa bega. Kwa nini ulinisimulia?"

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto, Yuan. Ya usingizi wa mama."

Alimtazama kama mtu anayeulizwa habari za mvua ya mwaka juzi. "Kwa sababu nilikuwa nimetoka Miaoli. Kwa sababu kaka yangu ana sauti ya mnadani na nilikuwa nimekasirika. Ulitaka nikusimulie ya mama wa nani?"

"Hukuwa na maana nyingine?"

"Maana gani? Mama amelala, kaka anapiga kelele. Hiyo ndiyo maana yake." Kisha akaona macho ya mkewe yamejaa machozi, akaweka bakuli la mchele chini. "Ju, kuna nini?"

Haramu ilikuwa haramu, lakini siku ile haikuwa na kitu cha kulinda tena, au ndivyo alivyodhani. Akamweleza. Akasema kadi inaamka. Akasema unaifungua kompyuta na imeshaunganika, bila kuanza upya, na watu wote wanasema siri hiyo imetoka kwake.

"Haiwezekani," alisema Jui-yuan.

"Nimekwambia inaamka."

"Wewe unaona tu kwamba imeamka. Kadi ile ikilala inafuta kumbukumbu. Imetengenezwa hivyo. Huwezi kuiamsha bila kuianzisha upya, tumejaribu kila..."

"Haifuti. Ukiiita kwa kishindo ndipo inafuta. Ukiigusa kwanza haifuti."

Jui-yuan alivuta kiti cha plastiki akakaa. Mikono yake bado ilikuwa inachuruzika maji ya mchele, na alikuwa anaikazia macho kama si yake. Pei-ju alikuwa ameolewa naye miaka mingi, amemwona akizika baba, amemwona katika tetemeko la ardhi, na hakuwahi kumwona katika hali hii.

"Inakumbuka," alisema. "Wakati wote ule ilikuwa inakumbuka. Ju, sisi tumekesha na jambo hilo mwaka mzima. Wateja wanatutukana kila siku. Tumewaambia wakubwa haliwezekani, tumeandika na sababu..."

Akajifunika mdomo kwa kiganja. Walitazamana. Alikuwa amekwisha kusema.

Pei-ju aliona furaha ikimpanda kifuani kwa nguvu hata ikamuuma. Hawakujua. Watengenezaji wenyewe hawakujua. Basi hakuna aliyempa, hakuna aliyemhurumia. Ilikuwa yake, ameipata kwa kichwa chake na usingizi wa mama mkwe. Alimshika mumewe mabega yote mawili.

"Mwambie Kaka Tung. Sentensi moja tu. Mwambie kiwandani hamkujua."

"Siwezi."

"Yuan."

"Siwezi, Ju. Kujua kwetu ni siri, na kutojua kwetu ni siri. Nimekula kiapo kwa yote mawili. Nikitoka hapa nikamwambia mtu wa nje kwamba tulishindwa, na wakubwa wanawaambia wateja ni kosa la kompyuta zao, nimemwaga unga siku hiyohiyo. Hakuna kiwanda kingine mji huu kitakachonipokea."

Alikuwa anasema kweli, na Pei-ju alijua. Hakumlazimisha. Angemlazimisha mtu asiyempenda. Alimwacha jikoni akaenda kukaa sebuleni, akaweka simu mezani, akafungua kompyuta amwandikie Kaka Tung kwamba hana la kusema. Lakini maneno hayakuja. Alimwona mwanamke atakayezungumzwa kwa miaka ijayo kila watu wa Fanshu wakikutana: yule aliyelishwa na mumewe, akajifanya amepika. Alimwona Kaka Tung akifuta mstari mmoja mmoja. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, na hakujali kama anasikika.

Jui-yuan alitoka jikoni akiwa bado amevaa aproni. Aliichukua ile simu ya mkewe, akatafuta jina, akapiga.

"Kaka Tung? Ni Shen Jui-yuan hapa. Mume wa Pei-ju. Sikiliza, nitasema mara moja. Kuhusu kadi kuamka, kiwandani hatukuwa tunajua. Mwaka mzima tumejaribu, tumeshindwa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba haiwezekani. Aliyoyafanya mke wangu nimeyasikia leo kwa mara ya kwanza, nikiwa naosha mchele."

Pei-ju aliinuka, mkono umenyooka kumnyang'anya, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Akabaki amesimama hivyohivyo.

Sauti ya Kaka Tung ikaja, nzito.

"Bwana Shen, wewe ni mumewe. Mume atasema lolote."

"Kweli. Sasa fikiri kidogo. Wakubwa wangu wangenipandisha cheo kwa jambo hili. Ningelijua, ningewapa wanaonilipa kwanza. Mke wangu angekuwa wa pili."

Kulisikika mguno, na nyuma yake sauti ya Ah-Pao, wazi kabisa: "Huyo hadanganyi. Huyo ni mume kweli."

Jui-yuan aliitoa simu sikioni akaiangalia. "Kaka Tung, hapo uko na nani?"

"Nimeweka sauti ya juu, bwana. Wote wako hapa, na wa mikoani wanasikiliza kwa intaneti. Nilidhani ni Ju anapiga, nikataka wamsikie wenyewe. Nisamehe. Ningejua..."

Jui-yuan alifumba macho. Kwenye intaneti kulikuwa na watu wa kila namna, na angalau wawili walikuwa vijana wa kiwandani kwake.

"Basi wamesikia," alisema. "Sirudii. Usifute."

Akakata. Pei-ju alitaka kumshukuru, alitaka kumpiga, alitaka waanze siku upya kutoka asubuhi. Mumewe alikaa kando yake, upande ule wa meza ambao hakuwahi kuukalia, akaigeuza kompyuta kidogo.

"Nionyeshe."

"Ukiangalia, hutaweza kuigusa tena kadi ya kiwanda. Unajua sheria."

"Ju, ni kadi gani niliyobaki nayo?"

Akamfungulia. Jui-yuan aliweka kidole chini ya msimbo akaufuata kama mtoto wa darasa la kwanza, hadi mwisho, kisha akarudi mwanzo.

"Mistari minne," alisema.

"Minne."

"Sisi tulikuwa watu saba." Akaanza kucheka, akacheka kweli, mpaka akashika ukingo wa meza, na Pei-ju, ambaye machozi hayajamkauka, akajikuta anacheka naye.

Simu ya Jui-yuan ikaanza kulia jikoni. Akaenda kuichukua, akarudi nayo mkononi, akaiweka mezani kati yao bila kuipokea. Jina la mkuu wa kikosi lilikuwa linawaka kwenye kioo. Ikalia hadi ikakatika, kisha ikaanza upya.

"Huu wa tatu sijauelewa," alisema Jui-yuan. "Hapa unapongoja. Unajuaje kwamba imekwisha kufumbua jicho?"

Pei-ju alisogeza kiti karibu, akaanza kumweleza.